Sevu faili mahali pake hapohapo: mwongozo kamili wa kutumia kibodi badala ya mausi

Mteja amerudi stesheni, duka la kuchapa na kutoa kopi. Wiki iliyopita alichapisha CV, leo anataka kubadilisha namba ya simu tu, kisha achapishe tena. Mhudumu anafungua Desktop na kukuta CV, CV mpya, CV MPYA FINAL, CURRICULUM VITAE, Document1, na CV nyingine isiyojulikana ya nani. "Dada, yako ni ipi hapa?" Wote wawili wanainamia skrini, wanafungua moja baada ya nyingine, na foleni nyuma inarefuka.

Faili lenyewe halikupotea. Lilihifadhiwa pale kompyuta ilipopendekeza, kwa jina ambalo kompyuta ilipendekeza, kwa sababu mhudumu alikuwa na haraka. Kutafuta folda kwa mausi, bofya hapa, shuka pale, fungua ile, kunachosha mtu ambaye ana watu wanne mbele yake. Ndiyo maana ushauri wa "panga mafaili yako vizuri" hausaidii sana. Hakuna anayerudi jioni kuyapanga. Faili hupangwa wakati wa kulihifadhi, au halipangwi kabisa. Na ili lipangwe wakati huo, kulifikisha kwenye folda yake lazima kuwe kwepesi kuliko kuliacha Desktop. Wepesi huo uko kwenye kibodi, tena kwenye sehemu ambayo wengi wanaiona kila siku bila kujua inachoweza kufanya.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, pamoja na Word na Excel, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi za stesheni, shule na ofisi zetu. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini. Wenye Mac wana aya yao huko chini.

Anza na folda zenye anwani fupi

Kila folda ina anwani. Folda ya Documents, kwa mfano, huwa na anwani kama C:\Users\user\Documents, na kama OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imewashwa inakuwa ndefu zaidi: C:\Users\user\OneDrive\Documents. Kwa mtu wa mausi urefu huo si kitu. Kwa mtu atakayeiandika anwani kwa vidole, ni mzigo. Kwa hiyo tengeneza folda moja kuu karibu na mlango, iitwe C:\Kazi, na kila kitu kikae humo.

Ndani yake weka folda chache zenye majina ya neno moja, bila nafasi, na ikiwezekana kila moja ianze na herufi yake: Barua, CV, Fedha, Mikataba, Risala, Wateja. Sababu ya herufi tofauti utaiona unapoandika, maana ukishaandika B tu, Windows inakuletea Barua peke yake.

Watu wa stesheni huniuliza kama ni vizuri kumpa kila mteja folda yake. Kwa maoni yangu hapana. Wateja wengi huja mara moja au mbili, na baada ya miezi michache utakuwa na mamia ya folda zenye faili mojamoja. Panga kwa aina ya kazi, kisha jina la mteja likae mwanzoni mwa jina la faili. Folda ya pekee wape wale wa kudumu: shule inayoleta mitihani kila muhula, kanisa linaloleta ratiba kila wiki, kikundi cha VICOBA chenye daftari lake. Hao waingie ndani ya Wateja. Ofisi ni habari nyingine. Kule mwaka ndio unaotangulia, halafu jambo lenyewe, kwa sababu mtu wa ofisi hukumbuka "ile barua ya mwaka jana" kabla ya kukumbuka kitu kingine.

Kutengeneza folda hizi bila mausi:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E. Dirisha la mafaili litafunguka.
2. Bonyeza Alt+D. Anwani iliyo juu itawaka. Andika C:\ kisha Enter.
3. Bonyeza Ctrl+Shift+N. Folda mpya inatokea ikisubiri jina. Andika Kazi, bonyeza Enter kuthibitisha jina, kisha Enter tena kuingia ndani.
4. Ukiwa ndani, rudia Ctrl+Shift+N, jina, Enter, kwa kila folda.

Kompyuta ya ofisi ikikukatalia kuandika kwenye C:\ kwa sababu fundi wa IT ameifunga, tumia %userprofile%\Kazi. Neno hilo kati ya alama za asilimia Windows inalielewa kama folda yako wewe mtumiaji, na unaweza kuliandika popote panapokubali anwani.

Alama ya \ huwasumbua watu. Kwenye kibodi nyingi zenye mpangilio wa Marekani iko juu ya Enter. Laptop za mtumba zinazotoka Uingereza zina mpangilio wao, na huko iko chini kushoto, jirani na Shift. Ukibonyeza na kupata alama nyingine, ujue kompyuta imewekwa mpangilio usiolingana na kibodi. Dalili nyingine ya jambo hilohilo ni @ na alama ya nukuu kubadilishana nafasi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi (Space) kuona mipangilio iliyopo na kubadilisha. Ukikuta umo mmoja tu, ule mwingine huongezwa kwenye Settings, upande wa lugha.

Jina la faili

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Maneno "mpya", "final", "sahihi" na "ya mwisho" hayafai kwenye jina la faili, kwa sababu kesho kutakuwa na mpya kuliko hiyo. Weka tarehe, na uianze na mwaka: Mushi-CV-2025-03-14. Ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe. Ukianza na siku, tarehe 1 Desemba itakaa juu ya tarehe 2 Januari.

Kuna alama tisa ambazo Windows haizikubali katika jina: \ / : * ? " < > na |. Inayowakamata watu wetu ni ile ya /, yaani mkwaju, kwa sababu tarehe tunaziandika 14/03/2025 na kumbukumbu za barua za serikali zimejaa mikwaju mitupu. Ukiandika Kumb. Na. AB/12/45 kama jina la faili, Windows inadhani AB na 12 ni folda, inazitafuta, haizioni, inagoma. Weka kistari: AB-12-45.

Kuna na hili la kushangaza. Usiipe folda au faili jina CON. Mtu anayefupisha "contract" anaweza kuliandika bila wazo baya, na Windows itakataa katakata. Jina hilo, pamoja na PRN, AUX na NUL, limetengwa kwa ajili ya vifaa tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na halijaachiwa mpaka leo.

F12, na kisanduku ambacho wengi hawakitumii ipasavyo

Ctrl+S kila mtu anaijua. Tatizo lake ni kwamba kwenye hati mpya, matoleo ya karibuni ya Word hayakupeleki moja kwa moja kwenye folda. Yanakuletea kisanduku kidogo chenye jina na sehemu moja iliyopendekezwa, mara nyingi OneDrive, au ukurasa mzima wenye orodha ya sehemu. Mtu mwenye haraka anabonyeza Enter, na Word inachukua maneno ya mwanzo ya hati na kuyafanya jina. Ndiyo maana kompyuta za ofisi za umma zina mafaili yanayoitwa JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA: kila barua imeanza na maneno hayo, na kila mtu alikuwa na haraka.

Dawa ni F12. Katika Word, Excel na PowerPoint, kitufe hiki kinafungua dirisha kamili la Save As bila kupita popote pengine. Kwenye laptop nyingi lazima ushike Fn kwanza, yaani Fn+F12, la sivyo utaongeza mwanga wa skrini au kuzima intaneti. Kama hilo linakukera, kwenye laptop nyingi Fn+Esc inafunga Fn ili vitufe vya F vifanye kazi vyenyewe.

Dirisha likifunguka, kursa tayari iko kwenye kisanduku cha File name, na jina lililopendekezwa limewaka buluu. Chochote utakachoandika kitalifuta. Wengi huandika jina, kisha wanashika mausi kutafuta folda. Hakuna haja. Kisanduku kile kinakubali anwani nzima, si jina peke yake. Andika:

C:\Kazi\CV\Mushi-CV-2025-03-14

Bonyeza Enter. Imeisha. Faili liko ndani ya folda ya CV, ndani ya Kazi, na hukugusa mausi. Mwisho wa jina, ile .docx, usiiandike, Word inaiweka yenyewe.

Sasa tuangalie vidole vinavyokwenda, kwa sababu si lazima uandike herufi zote. Unapomaliza kuandika C:\Kazi\ orodha ndogo inashuka chini ya kisanduku ikionyesha vilivyomo ndani. Bonyeza mshale wa chini mpaka ufike CV, kisha andika \ palepale. Orodha inabadilika na kuonyesha vilivyomo ndani ya CV, na hapo utaona kama Mushi ana faili la zamani. Endelea na jina. Kama orodha haishuki, endelea kuandika tu, haina shida.

Usiposhika jina la folda vizuri, ukaandika C:\Kazi\Baru\ kwa mfano, Windows inasema "Path does not exist" na inakurudisha kwenye dirisha lilelile. Haitengenezi folda mpya kwa siri, na mimi naona hiyo ni heri: kosa la herufi moja haliwezi kukuzalishia folda ya pili inayofanana na ya kwanza.

Njia nyingine tatu za kuandika kwenye kisanduku hichohicho, ambazo ukizizoea hutaziacha:

Ukiandika anwani ya folda tu, C:\Kazi\Barua\ na Enter, dirisha linahamia humo bila kuhifadhi kitu. Hii ni nzuri unapotaka kwanza kuona kilichopo, ndipo uandike jina.

Ukiandika nukta mbili, yaani .. na Enter, unapanda ngazi moja juu. Uko kwenye Barua, unarudi Kazi.

Na kama dirisha tayari liko ndani ya Kazi, huna haja ya kuanza na C:\. Andika Barua\ na jina la faili. Kama liko ndani ya CV na unataka Barua ya jirani, andika ..\Barua\ na jina, yaani panda juu, kisha ingia Barua.

Folda unayoitaka haipo? Bonyeza Shift+Tab kurudi kwenye orodha ya mafaili, kisha Ctrl+Shift+N, jina, Enter, na Enter tena kuingia. Alt+N inakurudisha kwenye kisanduku cha jina. Ukiona umepotea kabisa, Esc inafunga dirisha na hati yako inabaki kama ilivyokuwa.

Kuna onyo moja usilipite kwa Enter ya mazoea. Word ikikuta jina hilo lipo, inauliza kama ifute la zamani na kuweka jipya. Hapo ndipo CV ya mteja mmoja humezwa na ya mwingine mwenye jina la ukoo lilelile. Soma, kisha Esc, ubadilishe jina.

F12 hiyo haifanyi kazi hivi kila mahali. LibreOffice, GIMP, Photoshop na Notepad ya sasa zinatumia Ctrl+Shift+S kwa Save As. Ndani ya Word, Ctrl+Shift+S kwa kawaida inafungua kidirisha cha mitindo ya maandishi. Na ndani ya kivinjari kama Chrome, F12 inaleta msimbo wa ukurasa, kitu kinachowaogopesha wateja. Bonyeza F12 tena kitaondoka. Ila dirisha la kuhifadhi lenyewe ni lilelile karibu kwenye programu zote za Windows, na kila nilichoeleza kuhusu kisanduku cha jina kinafanya kazi humo.

PDF bila mausi

Mteja wa kuomba kazi kwenye mtandao anataka PDF. Bonyeza F12, andika anwani na jina, kisha Alt+T kwenda kwenye Save as type, na ubonyeze herufi P. Katika Word na Excel inaruka moja kwa moja hadi PDF. Katika PowerPoint utabonyeza P zaidi ya mara moja, kwa sababu aina za PowerPoint zenyewe zinaanza na P. Hakikisha imeandikwa PDF, kisha Enter, na kama orodha ilikuwa imefunguka, Enter nyingine.

Kuandika .pdf kwenye jina bila kubadilisha aina hakugeuzi kitu. Utapata Mushi-CV.pdf.docx, na mteja ataituma hivyohivyo.

Ifupishe anwani zaidi: diski ya K

C:\Kazi\ ni fupi, ila inaweza kuwa fupi zaidi. Windows ina amri ya zamani inayoitwa subst, ambayo inaipa folda herufi kama vile ni diski. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

subst K: C:\Kazi

Enter. Kidirisha cheusi kitamulika na kutoweka. Kuanzia hapo K:\ ni sawasawa na C:\Kazi, na kuhifadhi CV kunakuwa F12, K:\CV\Mushi-CV-2025-03-14, Enter.

Ukizima kompyuta, K inaondoka, mafaili yanabaki. Ili irudi yenyewe kila asubuhi, fungua Notepad, andika mstari uleule wa subst, bonyeza Ctrl+S, na kwenye kisanduku cha jina andika "C:\Kazi\kazi.bat" pamoja na alama za nukuu. Alama hizo ni za lazima, zinaizuia Notepad isiongeze .txt mwishoni. Kisha nakili faili hilo kwa Ctrl+C, bonyeza Windows+R, andika shell:startup, Enter, na Ctrl+V. Siku ukichoka na K, amri ni subst K: /d, na hakuna kinachofutwa ndani ya Kazi.

Mipangilio ya kubadilisha mara moja

Ndani ya Word bonyeza Alt+F, kisha T. Options zitafunguka, bonyeza S kwenda kwenye Save. Ukiwa hapo unaweza kushika mausi, sitakulaumu, ni kazi ya mara moja tu. Weka tiki kwenye "Save to Computer by default". Weka nyingine kwenye mstari unaosema usionyeshwe Backstage, ule ukurasa mzima wenye orodha ya sehemu, unapotumia kibodi, ili Ctrl+S nayo iwe kama F12. Kwenye Default local file location andika C:\Kazi. Na AutoRecover, inayohifadhi nakala ya dharura kila baada ya muda, ambayo kwa kawaida imewekwa dakika 10, ishushe hadi 2. Umeme wetu tunaujua. Rudia hivyohivyo kwenye Excel, kwa sababu kila programu ina mipangilio yake.

Kuhusu OneDrive, simwambii mtu aizime. Ina nafasi ya bure ya GB 5 na imeokoa wengi ambao laptop ziliibwa. Ila ujue kwamba ikiwashwa inaweza kuhamisha Desktop na Documents zako ndani yake, ukawa na Documents mbili, moja ya zamani na moja ya OneDrive, zenye jina na sura moja. Wengi wanaolia "faili langu limefutwa" wanaangalia ile isiyo yenyewe. Alt+D itakuonyesha anwani kamili ya ile uliyofungua.

Yanayotoka WhatsApp na barua pepe

Haya yote huishia Downloads, na Downloads ndiko vitu vinakokwenda kufa. Chrome ina swichi kwenye mipangilio ya Downloads inayosema "Ask where to save each file before downloading". Iwashe. Tangu hapo kila unachopakua, hata kutoka WhatsApp Web, kinaleta dirisha la kuhifadhi, na wewe unaandika K:\Risala\ na jina. Vile ambavyo tayari vimeshuka utaviona kwa Ctrl+J.

Hatari kubwa zaidi ni kufungua kiambatisho moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, au kutoka ndani ya faili la ZIP lisilofunguliwa, na kuanza kuhariri. Nakala unayoandikia iko kwenye folda ya muda ambayo hutaikumbuka, na Ctrl+S zako zote, kama zitakubali, zinaishia huko. Kwa hiyo faili lolote lililotoka nje, kabla hujagusa neno hata moja, F12 kwanza, lipe makazi, ndipo uanze kazi. Hali kadhalika na flashi ya mteja: lihamishie kwenye kompyuta, fanya kazi, kisha nakili rudi kwenye flashi. Flashi ikichomolewa katikati ya Ctrl+S, faili linaweza kuharibika lisifunguke tena.

Kuhamisha yaliyokwisha kulundikana

Kwa mafaili ya zamani hutumii F12. Fungua Windows+E, Alt+D, andika Desktop, Enter. Chagua ya kwanza kwa mishale. Shift pamoja na mshale inachagua yanayofuatana. Kwa yasiyofuatana, shika Ctrl, tembea kwa mishale, na ubonyeze nafasi juu ya kila unalolitaka. Kisha Ctrl+X, Alt+D, andika K:\CV, Enter, Ctrl+V. Kama Ctrl+V haijafanya kitu, bonyeza F6 mpaka mwanga uhamie kwenye orodha ya mafaili, na ujaribu tena.

Ukikosea folda, Ctrl+Z inayarudisha yalikotoka. Na mafaili uliyoyakata kwa Ctrl+X hayaondoki yalipo mpaka uyabandike. Yanafifia tu rangi. Kinachofuta kweli ni Shift+Delete, ambayo haipeleki kitu kwenye Recycle Bin. Iepuke kwenye kompyuta ya kazi.

Kubadilisha jina ni F2. Ukishaandika jina jipya, badala ya Enter bonyeza Tab, utaruka hadi faili linalofuata likiwa tayari kubadilishwa. Kwa folda ya CV zisizo na majina, hii inaokoa muda mwingi sana.

Faili lilihifadhiwa, ila hujui wapi

Kama bado liko wazi, bonyeza F12. Dirisha kwa kawaida linafunguka kwenye folda faili linapoishi. Soma anwani juu, kisha Esc.

Kama umeshalifunga, fungua programu yake na ubonyeze Alt+F, kisha O. Yaliyofunguliwa karibuni yako hapo. Likikosekana, Windows+E, Alt+D, andika C:\Users, Enter, halafu Ctrl+E kwenda kwenye utafutaji, na uandike *.docx datemodified:today. Utapewa hati zote za Word zilizoguswa leo. Badala ya today unaweza kuandika yesterday au thisweek. Ukilipata, Ctrl+X, na K:\ unaijua.

Kwa wenye Mac

Badala ya Ctrl ni Command. Command+S ikifungua dirisha la kuhifadhi, bonyeza Command+Shift+G, andika anwani, kwa mfano ~/Kazi/CV, na Enter. Mkwaju wa Mac ni huu wa / na alama ya ~ ni folda yako mwenyewe. Command+Shift+N inatengeneza folda mpya, na Command+D inakupeleka Desktop, ambako natumaini huna haja ya kwenda.

Nakala ya pili

C:\Kazi iko kwenye diski moja, na diski hufa. Kuwa na D:\ hakusaidii ikiwa C na D ni vipande vya diski ileile, kama ilivyo kwenye laptop nyingi. Tafuta diski ya nje au flashi kubwa ya ofisi, ichomeke, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Kisha Windows+R, na uandike:

robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E

Hii inanakili folda zote na vilivyomo. Ukiirudia Ijumaa ijayo, inayaruka yale ambayo hayajabadilika na kuchukua mapya na yaliyohaririwa tu, kwa hiyo inakwisha haraka. Mtu akikushauri uongeze /MIR mwishoni, fikiri mara mbili: hiyo inafuta kwenye nakala kila kilichofutwa kwenye kompyuta, na nakala ya pili unaihitaji hasa siku ile ambayo mtu amefuta kitu asichotakiwa kukifuta.